Kulia Kuna Mtu

Brooklyn Center, Minnesota
16 Novemba 2024

Wifi yangu Abigail,

Nakusalimu wewe na Mama, na Kerubo binti yako popote kazi ilipompeleka wiki hii. Sisi tuko wazima. Brandon amenipita urefu. Joan ametimiza miaka tisa na anataka nywele zake zifumuliwe na kusukwa upya kila Jumapili, mpaka vidole vyangu vinauma. Baridi imeingia.

Najua utacheka kwamba bado kuna mtu mzima anayenunua stempu. Lakini simu yako hukaa kwa Mama, na Elkanah akitaka kuongea na mama yake hupiga hiyo hiyo. Haya ninayoandika sitaki yapite kwao. Na kwa kuwa Kikisii chenu kilinishinda tangu mliponitoa Vihiga, vumilia Kiswahili changu. Ile kalamu yako nyekundu ya ualimu iweke mbali.

Wifi, ni kuhusu kaka yako. Nadhani ameanza kunywa.

Sijaona chupa wala sijanusa kitu. Lakini mimi ni muuguzi, nimewainua walevi sakafuni miaka mingi. Sabato iliyopita watoto walikuwa na programu yao kanisani, taa zikapunguzwa ili wawashe mishumaa. Elkanah alikuwa anashuka kutoka kwenye kwaya. Aliingia kwenye safu ya viti kama mtu aliyesukumwa, akamwangukia mzee Gitonga na kumvunjia miwani. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alibaki amesimama pale ameshika kiti, anangoja taa ziwake.

Gari letu lina mikwaruzo upande mmoja, na kila mkwaruzo una hadithi yake. Ofisini kwake Eden Prairie ameomba atoke saa tisa alasiri. Hapa siku hizi giza linaingia kabla ya saa kumi na moja. Yeye anasema anakwepa foleni. Juzi nilimwomba anichukue kazini jioni, akaniambia nipande basi. Miaka kumi na sita ya ndoa hajawahi kuniambia nipande basi.

Baba yenu alikuwa mnywaji? Na kaka yenu Silas, je? Yeye nilimwona mara mbili tu kabla ya ile ajali. Niambie ukweli hata kama ni mchungu.

Wifi yako,
Velma


Nyansiongo
12 Desemba 2024

Mama Brandon,

Barua yako ilinifikia juzi, nikaisomea nyuma ya nyumba juani kama mwanafunzi aliyeficha kitu. Tuko salama. Mvua haijatuacha na chai imechipua vizuri. Mama analalamika miguu, lakini kiti chake cha jikoni hamwachii mtu. Kerubo amepata mchumba, kijana wa Kilifi anayeitwa Kalume, walikutana kazini Mombasa. Watu wake wanakuja mwakani kujitambulisha. Kwa hiyo nyumba hii ni kupaka rangi tu.

Kuhusu kaka yangu, ondoa wasiwasi. Baba hakunywa. Silas hakunywa. Elkanah naye hanywi, na ukimwuliza utamvunja moyo bure. Wanaume wakivuka arobaini huwa na mambo yao. Usimfuatefuate.

Ila kama mnatoka jioni, wewe ndiye ushike usukani. Mwanamke wa Marekani anaendesha, si ndiyo? Basi endesha.

Nina swali dogo, usilitilie maanani. Chai ya jioni, Elkanah bado anajimiminia mwenyewe?

Ni mimi,
Abigail


Brooklyn Center
9 Februari 2025

Wifi Abigail,

Salamu kutoka kwenye theluji, na hongera kwa Kerubo. Mwambie shangazi yake wa Minnesota ameshaanza kutafuta kitambaa. Joan amepona mafua, Brandon amegoma kula ugali kwa sababu ambazo hata yeye hazijui.

Umejuaje habari ya chai? Tangu Oktoba kaka yako ananiambia nimimine mimi. Siku aliyomimina mwenyewe, chai ilikwenda mezani sentimita mbili kando ya kikombe, na aliendelea kumimina mpaka Joan akapiga kelele. Lakini nimefuata ushauri wako, sijamwuliza.

Sasa sikia jambo jipya. Elkanah anataka twende Ulaya. Sote wanne, siku ishirini na nne, kwa gari la kukodi. Tutaanzia Uholanzi, tupite Ujerumani, Austria, Italia, turudi kupitia Uswisi na Ufaransa. Nilidhani anatania. Kumbe ana daftari zima. Anataka kuona milima yenye theluji wakati wa kiangazi, na makanisa yenye vioo vya rangi, na michoro ambayo amekuwa akiiona kwenye vitabu tangu alipokuwa kidato cha pili.

Nikamwambia, "Baba Brandon, pesa hizo na likizo hiyo, si twende Kenya? Mama anazeeka."

Akasema, "Kenya naijua. Kenya naiona hata nikifumba macho."

"Basi twende Ulaya mwaka kesho, watoto wakiwa wakubwa."

"Mwaka kesho hapana, Velma. Mwaka huu."

Wifi, ungeisikia sauti ile. Ilikuwa kama ninavyowasikia wagonjwa wodini wakiomba kupelekwa dirishani.

Na kuna kitu kingine kwenye lile daftari. Kila siku ameandika saa ya jua kuchomoza na saa ya kuzama. Kila mahali amepanga tufike jua likiwa bado juu. Milimani amechagua barabara za zamani zinazopita juu kabisa, za kuzungukazunguka, wakati ramani inaonyesha mahandaki yanayokata moja kwa moja. Nilipouliza, akasema handakini watoto hawataona kitu.

Gari alilokodi ni la gia za mkono. Mimi nilijifunzia huku, najua ya otomatiki tu. Anasema hakukuwa na jingine kubwa.

Wako,
Velma


Nyansiongo
17 Machi 2025

Mama Brandon,

Mama anakusalimu. Watu wa Kalume wamekuja na kuondoka wameridhika. Baba yao aliuliza mambo mengi ya ukoo wetu, kama ilivyo desturi, na Mama akayajibu yote bila kukohoa. Harusi ni Desemba.

Hiyo safari siipendi. Kama lazima mwende, pandeni treni. Nasikia treni za huko ni safi na zina vioo vikubwa, mtu anaona milima ameketi anakula. Kwa nini baba wa watu ajichoshe na usukani nchi sita?

Ukiuliza kwa nini nasisitiza, ni kwa sababu Silas alikufa barabarani pamoja na mkewe, na mimi ndiye niliyekwenda mtoni kuwatambua. Breki za pikapu zilikatika. Hivyo ndivyo ilivyokuwa na hivyo ndivyo tulivyowaambia watu.

Mwambie treni.

Abigail


Brooklyn Center
27 Aprili 2025

Wifi mpendwa,

Habari za tangu Machi? Huku majani yameanza kuchipua na watoto hawataki tena makoti. Brandon alitimiza miaka kumi na tano wiki jana. Hapa umri huo mtoto anaruhusiwa kuanza kujifunza kuendesha gari akikaa na mkubwa, na hana habari nyingine. Baba yake amemwahidi kumfundisha tukirudi.

Nilimwambia Elkanah habari ya treni. Akaniuliza, "Abigail amekwambia nini?" Nikamwambia hakuna, anaogopa tu kwa ajili ya Silas. Akasema, "Mwambie dada yangu nitaendesha mchana."

Nina habari njema pia, nimeona nikutulize. Kuna Jumanne tatu aliondoka ofisini mapema na hakuja nyumbani. Moyo wangu ulikwenda mbali, wifi, wewe ni mwanamke unajua. Kumbe alikuwa kwa daktari wa macho! Nilikuta kadi ya miadi kwenye koti. Nilipomwonyesha alisema anahitaji miwani, basi. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Pombe nzima, mwanamke mzima, kumbe miwani.

Tunaondoka tarehe 11 Juni.

Velma


Nyansiongo
28 Mei 2025

Velma,

Leo sitasalimu sana. Mama yuko kanisani na Kerubo hayupo, nina saa moja.

Si miwani. Miwani haitamsaidia.

Macho ya watu wa kwetu hufa kuanzia pembeni. Kwanza huondoka usiku. Mtu anaona mchana vizuri, jioni anaanza kupapasa, na akitoka kwenye jua kali kuingia mahali penye giza anabaki kipofu kabisa kwa dakika kadhaa. Kisha pande zinafunga polepole, mpaka anabaki kama anachungulia kwenye bomba. Baba alikuwa hivyo. Watu waliambiwa alipigwa na radi. Silas alikuwa hivyo.

Breki za pikapu hazikukatika. Ilikuwa jioni, alikuwa anamleta mkewe kutoka sokoni, na alipofika kwenye daraja hakuliona. Fundi aliikagua ile pikapu, akatuambia breki ni nzima. Mama alimshukuru, akatuketisha na kusema, mkisema haya nje, nani ataoa hapa, nani atawapa watoto wake? Nilikuwa na binti mdogo. Nikakubali.

Usimruhusu Elkanah aendeshe. Ikishindikana, usiingie naye mahali popote penye giza. Handakini usiingie naye, Velma. Vunja safari. Sema wewe ni mgonjwa, sema lolote.

Naiharakisha hii posta ya Keroka kesho asubuhi.

Abigail


Kijiji kimoja Austria
19 Juni 2025

Wifi Abigail,

Salamu kutoka mahali ambapo ng'ombe wamevalishwa kengele na milima inaingia mpaka dirishani. Hapa nina kadi za posta nyingi lakini maneno yangu hayatoshi humo, nimeomba karatasi kwa mwenye nyumba. Barua yako ya mwisho niliyoipata ni ile ya Machi. Natumaini hukukasirika.

Watoto wamefurahi. Joan anahesabu nchi kwa vidole. Uholanzi Elkanah alisimama mbele ya picha moja ndogo, mwanamke anasoma dirishani, mpaka mlinzi akaja kuuliza kama tunahitaji kitu. Alisogea karibu, akarudi nyuma, akageuza kichwa huku na huku kama kuku anayetazama punje. Aliniambia, "Ikae hapa," na kugusa paji la uso.

Cologne tulilala kwa Habimana, yule Mnyarwanda aliyekaa naye chumba kimoja mtaa wa Frogtown enzi za chuo. Habimana alimpa kikombe kutoka ubavuni, Elkanah hakukiona. Alikisogeza tena, hakukiona. Tukiwa jikoni aliniambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, mwenzako haoni pembeni. Unajua?"

Nikasema amechoka.

"Uchovu haufanyi hivyo," Habimana alisema. "Chukueni gari la otomatiki uendeshe wewe. Nitawasaidia kulibadilisha kesho."

Usiku ule nilimwuliza Elkanah uso kwa uso. Alinishika mikono, akasema, "Velma, niko sawa mchana. Nimekuendesha siku ngapi? Nimegonga nini?" Kweli, hakuwa amegonga kitu. Na watoto walikuwa wanacheka chumba cha pili. Sikubadilisha gari. Nakuandikia wewe kwa sababu lazima mtu mmoja ajue kwamba niliambiwa.

Kesho tunavuka kwenda Italia kwa barabara yake ya juu. Anga ni safi.

Velma


Brooklyn Center
14 Julai 2025

Abigail,

Barua yako ya tarehe 28 Mei niliikuta hapa. Jirani ndiye aliyekuwa akitutolea barua sandukuni, ameipanga juu ya meza pamoja na matangazo ya maduka. Nimeisoma nimesimama, sijavua hata viatu.

Acha nikueleze kilichotokea, kwa sababu Elkanah hawezi kumweleza Mama.

Barabara ya juu ilikuwa imefungwa. Mawe yaliporomoka usiku. Polisi walisimama njiani wanageuza magari yote kuelekea handakini. Elkanah alisimama pembeni, akavua miwani ya jua, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Nilimwambia turudi. Nyuma yetu kulikuwa na malori na mabasi, yanapiga honi. Polisi akapunga mkono, twende, twende. Jua lilikuwa kali mno.

Tulipoingia tu, akapunguza mwendo mpaka gari likataka kuzimika. Mimi nilikuwa naona taa za juu, za manjano, mstari mrefu. Yeye akasema polepole, watoto wasisikie, "Velma, sema nami."

"Niseme nini?"

"Niambie niko wapi barabarani."

Nikamtazama. Macho yake yalikuwa wazi, yanatazama mbele, na hayakuwa yanaona chochote. Nikamwambia asimame. Akasema akisimama lori litatukanyaga, nimsaidie tufike sehemu ya kuegesha. Basi nikaanza kumwelekeza. Huko nyuma Brandon aliacha kuzungumza. Joan aliuliza kwa nini mama anasema hivyo, na kaka yake akamwambia anyamaze.

Tulikwenda hivyo kama kilomita mbili. Kisha kulikuwa na gari limeharibika pembeni, na mtu amesimama nyuma yake anaweka kile kibao cha pembetatu. Tulimgonga.

Hakufa. Ni fundi wa mabomba, ana miaka hamsini na nne. Mguu wake mmoja wameukata chini ya goti. Mimi ndiye niliyemfunga damu kwa mkanda wa Brandon mpaka gari la wagonjwa lilipofika, na alikuwa ananishukuru kwa lugha yake muda wote. Sijui kama nitakuja kusahau shukrani zile.

Polisi walimpima Elkanah pombe, wakakuta hakuna. Daktari akampima macho, wakakuta. Wamechukua kibali chake cha kuendesha, kesi itasikizwa Novemba. Kabla hatujaruhusiwa kurudi aliomba kwenda hospitalini kumwona yule mtu. Muuguzi mmoja alitafsiri. Yule mtu aliuliza jambo moja tu, "Ulijua?"

Elkanah akajibu, "Nilijua."

Yule mtu akageuza uso dirishani. Tukatoka.

Kwenye ndege Elkanah alinieleza yote. Daktari wa hapa alimkataza kuendesha tangu Machi. Alitaka aione dunia mara moja, na aiendeshe mwenyewe mara ya mwisho, familia yake ikiwa ndani. Na alinieleza kwamba Oktoba mwaka jana, alipoanza kupapasa, alikupigia simu. Ulikwenda nje kuongea naye, Mama asisikie. Ukamwambia kuhusu Baba na Silas. Na ukamwambia, "Usimwambie mkeo mpaka Kerubo aolewe."

Mwezi uliofuata niliandika kukuuliza kama kaka yako ni mlevi. Ukanijibu niendeshe mimi, na chai anamimina nani.

Halafu ukaniandikia barua! Una simu, Abigail. Ulijua siku tunayoondoka. Uliniandikia barua ukaipeleka posta.

Sina salamu za kufungia.

Velma


Brooklyn Center
21 Septemba 2025

Abigail,

Wiki kumi hujajibu. Elkanah anasema Mama akipigiwa huwa peke yake, na akikuulizia anaambiwa uko shambani. Naandika kwa sababu kuna mambo mawili lazima uyajue kutoka kwangu.

La kwanza. Nimewapeleka watoto kupimwa. Walitiwa dawa machoni, wakakaa gizani, kisha wakawekewa kifaa kinachopima kama jicho linajibu mwanga. Joan hana kitu. Brandon anao ugonjwa. Yuko mwanzo kabisa, daktari anasema ana miaka mingi mbele, lakini anao. Daktari alieleza taratibu, Brandon akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa Kiingereza, kama kawaida yao, kama ataruhusiwa kuendesha. Daktari akasema huenda kwa muda, mchana, huenda asiruhusiwe. Akasema sawa. Hakusema neno lingine siku mbili.

Siku ya tatu Elkanah alimwambia avae viatu. Walipanda basi mpaka katikati ya Minneapolis, wakabadilisha, wakapanda treni ya jijini mpaka Saint Paul, wakarudi. Saa nne nzima. Sijui walisema nini. Walirudi wamebeba sambusa, na Brandon alikuwa ametoka kulia, na alikula ugali.

La pili ni langu. Nilikulaumu kwa kunyamaza, na nilikulaumu kwa haki. Lakini nilikuandikia habari ya handaki na nikaruka mahali.

Nilikuwa namwelekeza hivi, "Kushoto kidogo. Nyoosha. Kulia kidogo. Nyoosha." Na yeye anafuata, kila neno, kama mtoto. Nilipoliona lile gari lililoharibika na yule mtu ameinama, nilitaka kumwonya. Nikapiga kelele, "Kulia! Kulia kuna mtu!"

Akakata kulia.

Elkanah alikuwa katikati ya njia yake, Abigail. Ningenyamaza tungempita. Ningesema "kushoto" tungempita. Polisi waliponiuliza nilisema nini, nilisema sikusema kitu. Walipomwuliza Elkanah, alisema alikata usukani mwenyewe kwa hofu. Hakunitaja. Mpaka leo hajanitaja, hata tukiwa wawili. Ananimiminia maji, ananipasia kisu upande wa mpini, ananiuliza habari za wodini.

Jana nilimwambia siwezi tena. Akasema, "Velma, mwenye gari ni mimi. Nyamaza." Nikamwambia nyumba yenu imenyamaza vya kutosha. Leo nimemwandikia wakili wake, nimeeleza lile neno na nilivyowadanganya polisi. Sijui watanifanya nini. Pengine hata leseni yangu ya uuguzi itaulizwa. Lakini yule mtu aliuliza kama tulijua, na hakujibiwa yote.

Sasa wewe. Kerubo ana miaka ishirini na saba na anaendesha gari la ofisi kati ya Mombasa na Kilifi. Mwambie. Usipomwambia mpaka Oktoba iishe, nitampigia mimi. Namba yake ninayo.

Velma


Nyansiongo
26 Oktoba 2025

Velma, mke wa ndugu yangu,

Nakusalimu, nakusalimu tena, na namsalimu Brandon kwa jina lake.

Mwandiko huu utauona si wangu. Anaandika Kerubo. Nimemwita kutoka Mombasa, nimemketisha mezani, na nimemwambia aandike kila neno nitakalosema bila kuuliza mpaka nimalize. Ndiyo namna pekee niliyoweza kumwambia yale ambayo barua yako haikuyasema. Namsikia anapumua kwa nguvu, lakini kalamu inaendelea.

Sikujibu barua zako kwa sababu sikuweza kuzisoma. Ile ya Julai niliisoma kwa siku nne, herufi moja moja, nje kwenye jua, karatasi ikiwa puani. Ile ya Septemba imekaa chini ya godoro mpaka jana, Kerubo aliponisomea. Mimi pia ninao, Velma. Nilianza mwaka Silas aliokufa. Shuleni niliacha mapema nikasema ni mgongo. Barua ya Mei niliiandika saa sita mchana mlangoni, na hata hapo mistari ilikuwa inapandana.

Umeuliza kuhusu simu. Ilikuwa mkononi mwangu tarehe nane, tarehe tisa na tarehe kumi Juni. Namba yako ilikuwa ya pili. Mama aliketi pale kwenye kiti chake akaniuliza nampigia nani, nikasema hakuna. Nilijiambia barua imekwisha kufika. Nilijua haijafika. Mguu wa yule mtu ni wangu pia, na wala sisemi hivyo ili nikupunguzie wewe.

Nimemwambia Mama kwamba leo nasema. Amehamia kwa shangazi yetu na kuchukua kiti. Kalume ameambiwa jana kwa simu. Akasema atakuja Jumapili ijayo. Hakusema anakuja kufanya nini.

Elkanah mwambie asinipigie bado. Nikiweza nitampigia mimi, na kwa kuwa Mama hayupo sitahitaji kwenda nje.

Abigail


Shangazi Velma,

Haya ya chini ni yangu, Mama ameingia ndani kulala. Nimeandika yote kama alivyosema, hata pale aliponitaja. Mpaka jana nilikuwa sijui kitu, ila sasa namkumbuka akinishika bega kila tukitoka kanisani jioni, na mimi nikidhani ni mapenzi.

Gari la ofisi sitaliendesha tena. Tafadhali niandikie jina la kile kipimo walichomfanyia Brandon, kwa herufi kubwa, niende nalo Nairobi. Na kama hutajali kuuliza kwa ajili yangu, mwulize alipokaa gizani wakimngoja, alikuwa anafikiria nini. Nataka kuingia nikiwa na kitu cha kufikiria.

Usitume kwa posta. Nipigie.

Kerubo